Mbwa Koko Anapopata Kwao

Pembezoni mwa Dar es Salaam, katika mitaa ya Chamazi, Toangoma, Bunju na Mabwepande, nyumba hujengwa kwa awamu. Kuta hupanda hadi kwenye lenta, fedha hukatika, nyasi huota sebuleni, na mwenye kiwanja hurudi mjini kutafuta. Pagale halikai tupu. Mbwa koko jike huingia, huchimba kishimo kwenye chumba cha nyuma pasipofikiwa na jua, na kuzaa humo watoto wanne, watano, wakati mwingine wanane. Wiki ya tatu au ya nne watoto huanza kutoka nje wakipepesuka, na mtaa mzima hujua. Mmoja huchukuliwa na mlinzi wa duka, mwingine hugongwa na bodaboda, wawili hubebwa na wanafunzi, waliobaki hutiwa kwenye kiroba na kupelekwa jalalani. Wanaotupwa mara nyingi ni majike, kwa kuwa hakuna anayetaka kuletewa kizazi kingine uani.

Wapo wanaoamua kumchukua mmoja na kukaa naye. Hao ndio wanaozungumziwa hapa, na jambo kubwa la kuwaambia ni kwamba mbwa aliyeokolewa humlipa vizuri yule anayempokea kama mwanakaya. Anayechukuliwa ili afungwe mnyororo getini, atupiwe makombo usiku na kusahauliwa, hubaki mnyama wa hofu, na mbwa wa hofu ndiye anayeuma watoto. Ulinzi ambao kila mtu anautaka huja wenyewe pale mbwa anapojua kwamba nyumba ile ni kwao.

Wengi humwona mbwa koko kama mabaki ya mbwa wa kizungu waliochanganyikana hovyo. Dharau hiyo haina msingi. Mwaka 2009 timu ya wanasayansi iliyoongozwa na Adam Boyko ilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini na mitaani kutoka Misri, Uganda na Namibia, na mbwa wengi wa Uganda walionekana kuwa na asili ya Afrika, mbali na ukoo wa mbwa wa Ulaya. Mwili wenyewe unaeleza hivyo: manyoya mafupi, pua ndefu inayopitisha hewa vizuri, miguu myepesi, uzito ambao kwa kawaida hauzidi kilo 20. Mwezi wa pili, joto la Dar likipita nyuzi 30 na hewa ikiwa nzito kwa unyevu, mbwa wa pua bapa aliyenunuliwa kwa fedha nyingi huhema kama anayekata roho. Koko hulala chini ya mwembe hadi jua lipungue, kisha huinuka na kuendelea na shughuli zake.

Akili nayo ipo. Watafiti wa taasisi ya IISER ya Kolkata, India, walichapisha mwaka 2020 jaribio walilofanya na mbwa wa mitaani wasiowahi kufundishwa na mtu. Mgeni alionyesha kwa kidole moja ya bakuli mbili, na kati ya mbwa waliothubutu kusogea, takriban asilimia 80 walifuata kidole chake. Kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha mwaka 2017 kwamba mbwa wa mitaani walimwamini zaidi mgeni aliyewapapasa kichwa kuliko aliyewapa chakula tu. Matokeo hayo ya pili yana faida kubwa kwa mfugaji wa Mbagala au Tegeta, kwa maana mkono mpole haununuliwi dukani.

Afrika Mashariki ina kisa chake kinachojulikana dunia nzima. Mei 2005 jijini Nairobi, mbwa jike wa mitaani alimkuta mtoto mchanga wa kike aliyetupwa msituni upande wa Ngong akiwa ndani ya mfuko. Mashuhuda walieleza kwamba mbwa huyo alimbeba akavuka barabara yenye magari na kupenya senyenge hadi alikokuwa amezalia. Watoto wa jirani walisikia kilio wakawaita wakubwa. Mtoto alipelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta akaitwa Angel. Mbwa alichukuliwa na KSPCA, shirika la Kenya linalowalinda na kuwatunza wanyama, akapewa jina Mkombozi. Siku chache kabla ya hapo angeweza kupigwa mawe na yeyote aliyepita.

Anayetaka kumchukua mbwa aanze na maswali ya nyumbani kabla ya kwenda pagalani. Je, nyumba ina uzio? Kama ni ya kupanga, mwenye nyumba amekubali? Katika nyumba za vyumba vya Tandika au Buza, ambako familia sita hutumia ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia, kumleta mbwa bila ridhaa ya wote ni kuanzisha ugomvi ambao mwisho wake atakayeumia ni mbwa. Watu wa nyumba kama hizo wanaweza kumsaidia mbwa wa mtaa kwa kumpa maji na kumpeleka kwenye chanjo bila kumfanya wa kwao. Ni msaada mkubwa kuliko unavyoonekana.

Swali la pili ni kama mbwa mwenyewe ana kwao. Tafiti zilizofanyika Tanzania zimeonyesha kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe, ila hufunguliwa wajitafutie. Kwa hiyo busara ni kumuuliza mjumbe, muuza genge na vijana wa kijiweni kabla ya kumfunga kamba mbwa wa mtu. Asiyetaka kuokota mwenyewe anaweza kuuliza kwa mashirika: Dar es Salaam ipo TAWESO, Arusha kuna Mbwa wa Africa, Zanzibar kuna ZAASO. Mbwa aliyepitia mikononi mwa waokoaji huja na faida moja kubwa: tabia yake inajulikana, yaani kama anawavumilia watoto, kama anafukuza kuku, kama anaogopa wanaume wenye fimbo.

Umri nao una hesabu yake. Kitoto kisitenganishwe na mama kabla ya wiki nane, hata kama kinapendeza namna gani. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ndipo mbwa hujifunza kwamba binadamu, bodaboda, ufagio na mvua ya bati si maadui, na anayekosa masomo hayo huyabeba mapengo yake maisha yote. Mbwa mkubwa, kwa upande mwingine, ameshamaliza kutafuna viatu na huonekana alivyo tangu siku ya kwanza. Familia yenye watu wanaotoka alfajiri kuwahi mwendokasi na kurudi usiku ingefaa zaidi kumchukua mbwa mkubwa wa miaka miwili au mitatu.

Kituo cha kwanza baada ya pagale ni kwa daktari wa mifugo, kabla mbwa hajagusana na mbwa wengine wa nyumbani. Wakazi wa Temeke wana bahati ya kuwa na makao makuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari karibu nao, na kila mkazi anaweza kuanzia kwa afisa mifugo wa kata yake. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, tiba karibu haipo. Lakini sindano moja kila mwaka, au kwa muda ambao daktari ataandika kwenye kadi, humzuia mbwa kuupata na kuuleta nyumbani. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa Septemba 28, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na ni vyema kuulizia ofisi ya kata kama kuna kampeni ya chanjo wakati huo.

Wanaodhani dawa ya kichaa ni kuwapiga risasi mbwa wote wa mtaani wangeitazama Bali, kisiwa cha Indonesia. Ugonjwa ulipoingia huko mwaka 2008 mbwa wengi mno waliuawa, na kichaa kikaendelea kusambaa. Kilianza kupungua baada ya chanjo ya kisiwa kizima kuanza. Mfano wa nyumbani ni mzuri zaidi. Pemba iliendesha chanjo ya mbwa kwa kampeni za kurudia, ikaufuta ugonjwa, ukarudi mwaka 2016, na baada ya kuchanja tena kwa bidii ukatoweka mwaka 2018. Kanuni ni kuwafikia mbwa 7 kati ya 10. Kila koko wa Chamazi anayepata kwao na kadi ya chanjo anausogeza mtaa wake kwenye hesabu hiyo.

Baada ya kichaa, adui mkubwa wa mbwa wachanga ni parvo. Mtoto wa mbwa aliyecheza jana huamka amenyong'onyea, anatapika na kuhara damu yenye harufu kali isiyosahaulika. Virusi vyake hukaa ardhini miezi mingi, hivyo nyumba iliyopoteza mbwa kwa parvo isilete mwingine asiyechanjwa bila kusafisha kwa maji ya jiki na kusubiri. Chanjo yake huanza wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16. Anayechanja mara moja na kuacha amefanya nusu ya kazi. Dawa ya minyoo hutolewa mara kwa mara utotoni na baadaye kila miezi mitatu, kwa faida ya mbwa na ya watoto wanaochezea mchanga uleule.

Kupe wanahitaji macho na vidole. Kila jioni, hasa wakati wa masika nyasi zikiwa ndefu, mfugaji hukaa kwenye kigoda, mbwa amelala ubavu, akapekua sehemu wanakopenda kujificha: ndani ya sikio kwenye mikunjo, chini ya kwapa, kuzunguka shingo, na katikati ya vidole vya miguu ambako kupe mdogo huonekana kama mbegu ya ufuta. Kibanio humshika karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kumpasua. Kisha mdomo hufunuliwa. Fizi za mbwa mzima ni za waridi; zikiwa nyeupe kama karatasi, au damu ikimtoka puani, huenda ni homa ya kupe na siku hiyohiyo ni ya kwenda kwa daktari. Dawa ya josho la ng'ombe isikorogwe kwa kukadiria kwa macho, kwani imewaua mbwa wengi walioogeshwa kwa nia njema. Panadol na diklofenaki za binadamu nazo wasipewe.

Kuna ugonjwa mmoja ambao huwafanya watu wamkimbie jike zuri bila sababu: uvimbe unaotoa damu sehemu za siri. Mara nyingi huwa ni saratani ya kuambukizana kwa kujamiiana, ambayo wanasayansi wanaamini imekuwa ikihama kutoka mbwa hadi mbwa kwa maelfu ya miaka. Inatisha kuitazama, lakini wengi hupona kwa sindano za vinkristini zinazotolewa kila wiki kwa wiki kadhaa chini ya daktari. Haifai kumwacha mbwa kwa ajili yake.

Kuhasi ndiko kunakofunga ule mzunguko wa pagale. Jike huingia kwenye joto takriban mara mbili kwa mwaka na mimba huchukua siku 63 hivi. Jike aliyetolewa kizazi hapati usaha wa mji wa mimba, na akifanyiwa upasuaji kabla ya joto la kwanza hatari ya saratani ya matiti hupungua sana. Dume aliyehasiwa hapotei siku tatu akifuata majike hadi Kongowe na kurudi na sikio lililochanika. Hofu kwamba ataacha kulinda haina ukweli. Anabweka vilevile na anakaa nyumbani zaidi.

Sasa kuhusu kuaminiana, ambako ndiko furaha yenyewe iliko.

Waokoaji wengi hutumia kipimo cha siku tatu, wiki tatu na miezi mitatu. Siku tatu za mwanzo mbwa amepigwa na butwaa. Huchagua kona yenye ukuta nyuma yake, hulala macho wazi, na hula pale tu kila mtu anapoingia ndani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mbwa aliyerushiwa mawe humwona adui katika kila mkono unaoinuka, hata unaoinuka kuanua nguo. Siku hizo asiogeshwe wala asizungukwe na watoto wa jirani waliokuja kumwona. Apewe maji, chakula saa zilezile na sauti ya chini. Mtu akae hatua chache, ubavu ukimwelekea, asimkodolee macho.

Wiki ya tatu mambo hubadilika bila kutangazwa. Mkia unaanza kutingishika ukiwa bado chini. Mbwa anakuja kunusa mkono na kurudi nyuma, kisha anakuja tena na kukaa. Anaanza kuitikia jina, liwe Simba, Popi au Doa. Hapo ndipo kazi ya kufundisha huanza, kwa kipande cha dagaa na kwa sifa, bila fimbo hata mara moja. Fimbo humfundisha mbwa kumwogopa aliyeishika, na mwezi mzima wa subira hupotea kwa pigo moja. Usiku wa kigodoro au wa fataki za mwaka mpya aruhusiwe kuingia ndani, kwenye chumba chenye giza, kwa sababu mbwa aliyeshtuka huruka ukuta na kugongwa.

Ifikapo miezi mitatu familia hugundua kwamba mbwa ameshawasoma. Anajua muungurumo wa bodaboda ya baba kabla haijakata kona, na haamki kwa nyingine. Anajua mtoto yupi huangusha chakula. Kubweka kwake kunakuwa na lugha: moja kwa muuza maji, nyingine kwa kenge uani, na ile nzito, ya kukazana, kwa mtu aliyesimama gizani nyuma ya uzio. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa upole, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ileile inayofanya kazi kati ya mama na mwanawe. Mzee aliyestaafu, ambaye watoto wake wamehamia mbali, hupata sababu ya kutembea kila alfajiri hadi barabarani na kurudi, na watu wa kusalimiana nao njiani.

Chakula cha nyumbani kinatosha kikipangwa. Ugali mtupu haumjengi. Uchanganywe na dagaa waliochemshwa, utumbo kutoka buchani, yai, boga au mchicha. Mabaki ya pilau na mchuzi yanaonekana kama karamu, lakini yana kitunguu, na kitunguu huharibu damu ya mbwa sawa na kitunguu saumu. Chokoleti na zabibu nazo ni sumu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Na unga uliopata ukungu usipelekwe kwa mbwa kwa kisingizio kwamba ni mnyama: sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, humuua mbwa kwa kuharibu ini.

Majirani wanastahili heshima ya pekee. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo kwayo mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa anayeparamia kanzu ya mtu aendaye swala ya alfajiri anamharibia ibada. Mfugaji muungwana huhakikisha mbwa hafiki kwenye kamba za nguo za jirani, hafungwi kando ya njia ya msikitini, na ana bakuli zake mwenyewe. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa ulinzi na wa kuwinda, Suratul Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, na hadithi sahihi inasimulia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mazungumzo ya kibarazani yakianzia kwenye heshima, jirani asiyetaka kuguswa na mbwa bado anaweza kuwa wa kwanza kutoa taarifa akimwona amepotea.

Watoto wa nyumbani wafundishwe mambo machache na wayarudie hadi wayajue: wasimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, wasimkumbatie shingoni, wasimkimbie. Mbwa akitokea kumng'ata mtu, hata kama amechanjwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, bila mafuta ya taa wala kahawa, kisha aliyeng'atwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Mbwa asiuawe. Afungiwe salama na atazamwe kwa siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi mateni siku aliyong'ata, na taarifa hiyo ni muhimu kwa daktari wa binadamu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemiliki mnyama amtunze na inakataza ukatili, kwa hiyo kumchoka na kumrudisha jalalani hakukubaliki. Koko anayetunzwa anaweza kuishi miaka 12 au zaidi, na ndani ya miaka hiyo kuna Desemba nyingi. Familia nyingi za Dar hufunga mlango mwishoni mwa mwaka na kwenda Moshi, Bukoba au Songea kwa wiki tatu. Mpango wa mbwa ufanywe mapema kama wa tiketi ya basi: mtu anayemfahamu, aliyekwisha kumlisha mara kadhaa mwenyewe akiwepo, aachiwe chakula cha siku zote, funguo, namba ya daktari na kadi ya chanjo, na geti likaguliwe kama lina upenyo chini.